Redio Mpya kwenye Land Rover ya Baba

"Ethi yako ni chanya au hasi?"

Fundi umeme wa Majengo, Songea, aliniuliza hivyo kabla hajaniuliza natoka wapi wala nina shilingi ngapi mfukoni. Alikuwa ameshampa baba mdogo shikamoo yake, ameshalizunguka gari mara moja, ameshafungua boneti. Sasa aliinama juu ya betri, testa mkononi, akifuata kwa kidole waya mnene unaotoka kwenye betri na kwenda kufungwa kwenye chesi. Alipofika mwisho wa waya akajijibu mwenyewe: "Chanya. Nilijua. Hii ni ya kabla ya sitini na saba."

Miezi miwili nyuma, katika mji mwingine, fundi mwingine hakuuliza swali hilo. Aliunganisha redio mpya kama anavyounganisha kwenye gari lolote lililoingia wiki hii kutoka Japani: waya mwekundu kwenye moto, mweusi kwenye bodi. Redio haikuwaka. Ilitoa moshi mwembamba wenye harufu ya plastiki, na hapo hapo ikafa. Niliondoka na sanduku lake tupu, nikijua tu kwamba gari la baba limekataa.

Gari lenyewe ni Land Rover 109 ya mwaka 1965, injini ya petroli ya lita mbili na robo. Baba na mdogo wake walilinunua likiwa limeshatumika, wakalifungia mabenchi nyuma, wakabeba abiria kati ya Songea na Tunduru. Anayeijua Ruvuma ya miaka ile anajua maana yake. Kabla ya lami, njia ile ilikuwa ya Land Rover. Basi lilifika kiangazi likibahatika. Masika watu walikaa juu ya mizigo, juu ya bodi, wengine wakining'inia nyuma, na dereva alihesabu safari kwa siku, hakuhesabu kwa saa. Baadaye gari likahamia nyumbani Njombe, likasimama chini ya mparachichi, kuku wakataga kwenye siti. Baba alipofariki nilianza kulifufua taratibu: breki, kaburata, rejeta, matairi. Baba mdogo alikuja kila Jumapili kukaa kwenye kigoda na kunisimamia.

Nilitaka kumpeleka kwenye njia yake tena, safari hii kukiwa na ramani ya satelaiti mbele yetu na redio inayosikika. Ramani niliitaka kwa sababu moja. Baba mdogo anazijua sehemu ambazo hazimo kwenye ramani yoyote: walipochota maji ya rejeta, walipolala gari likizama, mti waliouegemezea gari siku springi ilipokatika. Majina hayo yamo kichwani mwake peke yake, na umri wake umeshavuka miaka sabini na minane.

Redio nayo ilikuwa na historia. Gari hili halikuwahi kuwa na redio ya kufungwa. Baba alikuwa na redio ya mkononi ya National, akaifunga kwa mpira wa tyubu kwenye rafu iliyo chini ya dashibodi, ikawa inasoma taarifa ya habari ya Radio Tanzania abiria wote wakinyamaza. Ilikula betri zake yenyewe, kwa hiyo haikujali ethi ya gari iko upande gani. Alama ya ule mpira bado ipo kwenye rafu.

Tuliteremka kutoka Njombe alfajiri ya Julai, blanketi magotini. Asiyewahi kuendesha 109 nimweleze kidogo. Mwendo wake mzuri ni kilomita sitini kwa saa. Zaidi ya hapo giaboksi inapiga yowe na milango inajibu. Kwenye milima ya Lukumburu tulipanda kwa gia namba mbili, mabasi yakitupita kwa honi ndefu ambayo baba mdogo aliipungia mkono kila mara kama salamu. Madaba tukanywa chai. Gumbiro, Mtyangimbole, mahindi yamevunwa, mashamba yamebaki mabua. Alasiri tukaingia Songea, mji uliobeba jina la Nduna Songea Mbano, ambaye Wajerumani walimnyonga mwaka 1906 pamoja na mashujaa wengine wa Maji Maji. Baba mdogo alivua kofia tulipokatiza njia ya kwenda Makumbusho ya Maji Maji. Huwa anavua kila apitapo.

Karibu kila mji wa Afrika Mashariki una Majengo yake. Moshi ipo, Dodoma ipo, Mombasa ipo, hata Nairobi. Majengo ya Songea nimeipenda kwa sababu kazi za mikono zinafanyika nje, machoni pa watu. Unapita unamwona seremala, mshona viatu, fundi pikipiki, mama wa maandazi, na katikati yao uwanja wa udongo mwekundu wenye magari matatu manne yaliyofunguliwa vinywa. Hapo ndipo tulipoelekezwa na dereva wa bodaboda aliyetuona tumesimama tukisoma kibao. Alisema maneno machache: "Kwa gari kama hilo, nenda kwa yule. Mwalimu wake alisomea Peramiho."

Peramiho ni mwendo mfupi magharibi ya Songea. Wamisionari Wabenedikti walifika hapo mwaka 1898, na karakana zao zimetoa mafundi ambao wameenea Ruvuma nzima, mmoja akimfundisha mwenzake. Fundi wetu alikuwa wa kizazi cha pili. Hakuwa na cheti ukutani, na wala hakukuwa na ukuta. Alikuwa na daftari.

Katika daftari hilo alinichorea kilichoiua redio yangu. Magari mengi ya Uingereza ya zamani yalifungwa upande chanya wa betri kwenye chesi; hiyo ndiyo ethi chanya. Chesi na bodi zima likawa chanya, na waya wa moto ukawa hasi. Taa haijali umeme unapita kuelekea wapi. Stata haijali. Honi haijali. Ndiyo maana gari lilitembea miaka yote bila mtu kuuliza. Lakini redio ya kisasa ina vijidude ndani vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, na ganda lake la chuma ni hasi. Ukiigusisha na bodi la 109 ya 1965, umeifunga kinyumenyume. Land Rover walihamia ethi hasi mwaka 1967, na leo karibu dunia nzima ya magari inatumia ethi hasi.

"Kwa hiyo tunaligeuza gari," alisema. "Redio hatuwezi kuigeuza."

Nilidhani ni kazi ya wiki. Ilimchukua asubuhi moja. Alitoa betri, akaigeuza, akabadilisha vichwa vya nyaya kwa sababu nguzo chanya ya betri ni nene kuliko hasi. Akabadilishana nyaya mbili ndogo za koili. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona: alichukua kipande cha waya, upande mmoja kwenye betri, upande wa pili akagusisha kwenye skrubu ya dainamo yenye herufi F. Nukta moja tu, cheche ndogo, basi. Dainamo hukumbuka upande wake kwa sumaku kidogo inayobaki kwenye chuma chake, na mguso ule unaifundisha upande mpya. Usipoufanya, dainamo itachaji kinyume na betri. Baba mdogo, ambaye amezifungua dainamo hizi kwa miaka arobaini, alisimama kutoka kwenye kigoda ili aone vizuri.

Injini ikawaka mkono wa kwanza. Taa nyekundu ya chaji ikazimika alipokanyaga mafuta. Fundi akafuta mikono, akaagiza chai.

Wakati wa chai ndipo alipotuonyesha rafu yake. Kulikuwa na skrini za magari kama ishirini, zilizotolewa kwenye Toyota na Nissan zilizoingia nchini. Aliunganisha moja kwenye betri. Sauti ya mwanamke ikasema sentensi ndefu ya Kijapani, ile ile ambayo wenye magari hayo Tanzania nzima wanaisikia kila wanapowasha na wameizoea kama adhana ya msikiti wa jirani. Kisha ikatokea ramani: barabara nyembamba, mito, herufi nisizozijua, na katikati kimshale kidogo. Kimesimama pale pale gari lilipozimwa mara ya mwisho kabla ya kupandishwa melini. Ramani yake ni ya Japani peke yake. Utakuwa Majengo, kimshale kitakuwa kwao.

Na redio yake haikamati vizuri. Japani redio za FM zilipangiwa masafa ya kuanzia 76 hadi 90, baadaye yakasogezwa hadi 95. Kwetu vituo vinaanzia 88 vinakwenda hadi 108. Skrini nzuri ya bei kubwa inasikia vituo vya mwanzo tu, vilivyobaki haivijui kabisa. Mafundi wanaiwekea ekspanda, kisanduku kidogo kinachoyashusha masafa yetu yaingie ndani ya yale ya Kijapani, nawe unajifunza kwamba kituo chako cha 100 kinakaa kwenye 80 na kitu. Watu wameishi hivyo miaka.

Angeniuzia mojawapo ya skrini hizo. Ndiyo biashara yake. Akaniangalia, akaangalia dashibodi ya 109, ambayo saa zake zote zimekaa katikati kwenye bati moja, akasema, "Kuweka hii ni lazima nikate bati. Nikilikata, halirudi."

Jibu lilitoka kwa baba mdogo. "Usikate kitu, mwanangu. Kaka yangu aliliacha zima."

Tukakubaliana kanuni moja, na kwangu ndiyo iliyoongoza kazi yote: hakuna tundu jipya, hakuna bati la kukatwa, kila kinachoingia kiweze kutoka kwa spana na bisibisi. Seremala wa jirani akatengeneza kisanduku cha mninga cha kuingia kwenye rafu ya chini ya dashibodi, kikashikwa na bolti mbili zilizokuwepo tangu kiwandani. Ndani yake ikakaa redio ndogo isiyo na skrini, ya kupokea FM na kucheza muziki wa simu kwa bluututhi. Ramani ikabaki kwenye simu, imeshikwa na kibanio kwenye ukingo wa kioo cha mbele. Spika mbili tukaziweka kwenye sanduku la pili, nyuma ya siti, limefungwa kwa mkanda wa mizigo.

Sehemu iliyobaki ilikuwa hesabu, na hapa fundi alikuwa mkali. Dainamo ya gari hili inatoa ampia 22 ikiwa nzima na injini ikizunguka. Akaandika kwenye daftari: taa kubwa za mbele, 10. Koili, 4. Waipa, 3. Taa za nyuma na za saa, 2. "Usiku wa mvua unabaki na tatu. Redio kwa sauti ya wastani na simu ikichaji vinamaliza hizo tatu. Ukisimama injini ikiwa taratibu, dainamo haichaji kabisa. Kwa hiyo ukisimama, zima redio." Akanipa na njia nyingine: kutoa dainamo, kuweka alteneta ya Toyota yenye nguvu mara tatu. Watu wengi wanafanya hivyo na hawakosei. Mimi nilichagua dainamo, kwa kuwa redio ndogo inatosha na kwa kuwa baba mdogo anaweza kuitengeneza porini kwa mikono yake.

Akavuta waya mpya moja kwa moja kutoka kwenye betri hadi kwenye kisanduku cha mninga, bila kugusa nyaya za zamani zilizovikwa kitambaa. Mwanzoni kabisa mwa waya, shubiri moja kutoka kwenye betri, akaweka fyuzi. Nikamuuliza kwa nini isikae karibu na redio, ambako ningeifikia kwa urahisi. Akasema fyuzi hailindi redio, inalinda waya. Waya ukichubuka katikati ya njia ukagusa bodi, fyuzi iliyo mwisho wa waya haitajua, na gari litaungua. Natamani kila anayefunga redio mitaani angeandika maneno hayo kwenye mkono wake.

Tulipowasha, redio iliimba, lakini nyuma ya sauti kulikuwa na mlio kama nyuki ndani ya kopo, ukipanda na kushuka kwa kadiri ya mafuta. Plagi za zamani zinarusha cheche zinazosikika hewani, na redio ya karibu inazipokea kama kituo kingine. Fundi akabadilisha nyaya za plagi akaweka zenye ukinzani, akafunga kapasita moja kwenye koili upande wa swichi, nyingine kwenye waya mkubwa wa dainamo. Nyuki wakapungua, hawakuisha. Akahangaika nusu saa, kisha akachomoa chaja ya simu ya bei rahisi niliyoinunua stendi. Kimya. Kituo cha dini kikasikika safi, na fundi akatukumbusha kwa fahari kwamba Radio Maria ya Tanzania ilianzia Songea, mwaka 1996. Alikuwa na chaja bora kwenye rafu yake, nikainunua.

Kesho yake tukashika njia ya Tunduru. Namtumbo, Kilimasera, Matemanga: lami tupu, zaidi ya kilomita 260 ambazo zamani zilikula siku mbili na masika zikala wiki. Baba mdogo alinyamaza kilomita nyingi za mwanzo. Nadhani lami ilimchanganya. Alikuwa akiitafuta njia na njia ilikuwa imenyooka. Kisha, kabla ya Kilimasera, akanyoosha mkono kushoto kwenye uwazi kati ya miombo. "Pale. Simama pale."

Tulisimama, nikazima redio kama nilivyofundishwa. Ilikuwa njia ya zamani, mita thelathini kutoka kwenye lami, majani yamefika kiunoni, mifereji miwili ya matairi bado inaonekana. Walilala hapo usiku mbili, yeye na baba, na abiria kumi na mmoja na mama mwenye mtoto mchanga, wakisubiri tope likauke. Mahali hapo waliokuwemo walipaita Kwa Mtoto. Nikagusa simu na kuandika jina hilo.

Simu haikuwa na mtandao pale, na watu wengi hudhani bila mtandao ramani haifanyi kazi. Inafanya. Satelaiti za GPS za Wamarekani zinazunguka karibu kilomita 20,000 juu yetu, na simu inazisikiliza tu, kama redio; haizijibu wala hailipi. Ikisikia nne inajua ilipo. Kinachohitaji mtandao ni kuipakua ramani, na hiyo nilishaipakua Songea. Hadi mwaka 2000 Wamarekani waliichafua makusudi ishara ya raia, ikakosea hadi mita mia. Mwezi Mei mwaka huo wakaacha, na sasa simu ya kawaida inakosea mita chache. Laiti baba angalikuwa nayo. Lakini ramani niliyopakua iliijua lami peke yake. Mto ulikuwa na mstari bila jina. Kwa Mtoto hapakuwepo, na njia ya zamani yote haikuwepo.

Mpaka Tunduru tulisimama mara tisa. Kuna mahali vibao vinaonya kuhusu tembo, kwa kuwa ushoroba unaounganisha Selous na Niassa ya Msumbiji unakatiza barabara. Baba mdogo alitaja mito miwili walikokuwa wakiwasubiri wapite. Niliinyamazisha sauti ya simu inayoelekeza, nikaacha yake. Katikati ya vituo FM ilipotea nyuma ya vilima, na ilipopotea akaniomba Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, nikaicheza kutoka kwenye simu. Kwa kilomita sitini kwa saa, madirisha yamefungwa, gitaa lilisikika juu ya yowe la giaboksi. Hilo ndilo nililokuwa nimelitafuta tangu redio ya kwanza iungue.

Tuliingia Tunduru jioni, taa zimewashwa. Saa mbili ilipofika tulikuwa tumeegesha nje ya gesti, injini bado inanguruma, na taa ya chaji ikaanza kumetameta. Nilitaka kuzima redio. Baba mdogo akanishika mkono, akaomba tukanyage mafuta kidogo mpaka muhtasari wa habari uishe. Tulikanyaga.

Majina yale tisa nimeshayaingiza kwenye ramani ya wazi, ile ambayo mtu yeyote anaweza kuiongezea. Ukiwa na mzee aliyewahi kuendesha Tunduru, Mbamba Bay au Mpanda kabla ya lami, mpeleke mwaka huu.

Na kama una gari la zamani unalotaka kuliwekea redio, fungua boneti kwanza. Fuata kwa kidole waya unaotoka kwenye betri kwenda kwenye chesi, uone alama ya nguzo unakoanzia. Kama ni Volkswagen ya miaka ile, soma pia volti za betri, maana nyingi za kabla ya 1967 ni za volti 6. Ukishageuza ethi, fanya kama fundi wa Majengo: alichukua rangi nyeupe na brashi ndogo, akaandika ndani ya boneti yetu kwa herufi kubwa, ETHI NI HASI, ili fundi ajaye asilazimike kubahatisha.